Tela Lisilokwisha

Watu wakimtaja marehemu baba mkwe wangu, neno la kwanza ni mpole. Mpole, mkarimu, hana makuu, hajapata kumpandishia mtu sauti. Nawasikia kwenye khitma, nawasikia dukani, nawasikia hata kwenye simu kutoka Unguja, na kila nikiwasikia naitikia kwa kichwa, maana ni kweli tupu. Lakini katika hao wote hakuna hata mmoja aliyepata kumngoja amalize tela. Mimi nilimngoja. Nilimngoja mpaka nikawa namuota, yeye na tela lake, na kwenye ndoto pia lilikuwa halijaisha.

Tulikuwa tukikaa nyumba moja Al Khoudh, huku Uarabuni, wazee chini, mimi na mume wangu na watoto juu. Kazi ya mume wangu iko kwenye visima vya mafuta jangwani, wiki mbili kule na wiki mbili nyumbani, kwa hiyo mchana wangu niliuishi na wazazi wake zaidi kuliko na yeye mwenyewe. Mimi hupika. Sisemi kupika kwa nyumbani, nasema kupika kwa watu: biriani na pilau za arusi, sambusa za khitma, vitumbua vya asubuhi ya Idi. Nilianza na sufuria moja niliyoazima kwa mama mkwe, na mambo yakaniendea vizuri mpaka ikawa shida si kupika tena bali kubeba. Masufuria ya arusi hayaingii ndani ya gari la mtu. Majiko ya gesi, mitungi, makasha ya barafu, yote hayo nilikuwa nayahamisha kwa pikapu za kukodi, na dereva wa pikapu hajui kwamba anabeba biriani. Kwake yeye ni mzigo tu.

Basi siku moja kwenye chakula cha mchana nikasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba wiki hiyo nakwenda kununua tela la kufunga nyuma ya gari langu ili nisimtegemee mtu. Mkwe wangu akalirudisha tonge kwenye sinia.

“Ununue tela?”

“Ndio, Baba.”

“Mimi nipo, mzima, mashine yangu ipo hapo uwani, na wewe ukanunue tela kwa watu?” Hakukasirika. Alisikitika, na masikitiko yake yalikuwa mazito kuliko hasira za mtu mwingine. “La, mwanangu. Ntakutengenezea mwenyewe. La chuma khasa, na madigadi yake ya chuma.”

Madigadi ni vile vifuniko vya juu ya magurudumu, vinavyozuia mawe na tope. Wakati ule sikuyajali hata kidogo. Nilitaka kitu chenye magurudumu kinachobeba masufuria, basi. Nikamjibu kama inavyotakiwa nimjibu: “Usijisumbue, Baba.”

Kwetu mkwe hakataliwi, na wala haharakishwi. Ukenda nyumba ya mtu akakukaribisha chakula, unasema umeshiba, naye anakupakulia, nawe unakula. Hakuna aliyedanganya hapo na hakuna aliyedanganyika, ndivyo tulivyolelewa wote. Kwa hiyo niliposema asijisumbue nilikuwa nimekubali na kushukuru, na nilijua kwamba yeye anajua. Habari ya kununua ikafa siku hiyo. Ningenunuaje? Ingekuwa ni kumwambia mbele za watu kwamba ahadi yake si kitu.

Wiki ileile alinichomelea ndoano ya kuvutia tela nyuma ya gari langu. Kazi safi, ya haraka, na mimi nikafurahi nikaanza kupokea oda kubwa. Ndoano ile ilikaa miaka haijavuta kitu. Kazi yake ilikuwa moja tu, kunigonga muundi kila nikishusha vitu kwenye buti, na alama yake ninayo mpaka leo.

Alikuwa mtu wa kutonunua. Serikalini alifanya kazi kwenye karakana ya magari, na wenzake walipostaafu wakarudi nyumbani na saa za ukutani, yeye akenda kununua mashine ya kuchomelea. Hicho nadhani ndicho kitu cha mwisho alichokinunua kwa ridhaa yake. Kitanda cha mjukuu alikitengeneza. Ngazi ya kupandia kwenye tangi la maji aliitengeneza. Rafu ya viatu ya mlangoni aliitengeneza kwa nondo za kujengea nyumba, na tangu siku alipoiweka haijasogea, tunafagia kuizunguka. “Kitu cha dukani hukijui kilivyoungwa,” alikuwa akisema. “Mimi nnataka nijue kilivyoungwa.” Lakini mtu huyohuyo hakuweza kulipita duka la manukato. Kabati lake limejaa chupa za mafuta ya udi, na hakuna hata moja aliyouliza imetengenezwaje.

Ovaroli alikataa. Ovaroli, alisema, ni nguo ya kazini, na yeye yuko nyumbani kwake. Kwa hiyo alichomelea akiwa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia yake ya kufuma kichwani, na juu ya kofia ile ngao nyeusi ya kukinga uso. Cheche zikimrukia hakuzishughulikia. Mama mkwe akizianua kanzu kwenye kamba alikuwa akizinyanyua juani na kutuonesha matundu.

“Hii si kanzu tena, ni chungio,” alisema. “Na hilo tela mimi nshalikubali, ni mke mwenzangu. Tena mke mdogo, kila siku analetewa kitu kipya.”

Alikuwa na lugha mbili, na nilichukua muda kujua zinagawanyika wapi. Kwa watu alisema Kiswahili, Kiswahili cha taratibu, chenye samahani na tafadhali nyingi. Kwa chuma alisema Kiarabu, tena cha sokoni. “Taal hina, ya himar!” lilikuwa likimtoka, njoo hapa we punda, na aliyekuwa akiitwa punda ni bomba la mraba lililokataa kukaa sawa. Halafu akanyanyua ngao, akaniona nimesimama na birika, na uso ukabadilika palepale. “Nisamehe mwanangu, sikukusudia wewe.” Wallahi nadhani ukali wote Mungu aliomgawia aliumalizia kwenye chuma.

Sasa niseme kwa nini tela halikwisha, maana watu hudhani alikuwa mvivu. Hakuwa mvivu hata chembe. Fremu aliiunga vizuri. Ekseli na springi alizitoa kwenye gari bovu alilolipata kwenye uwanja wa vyuma chakavu, akazisafisha mpaka zikang'aa. Joto la kiangazi lilimsimamisha, hilo si kosa la mtu, kuanzia mwezi wa tano chuma cha uwani hakishikiki hata kwa glavu. Lakini hata baridi ilipokuja tatizo lilikuwa geti.

Alikuwa halifungi geti. Alisema moshi upate pa kutokea. Na geti likiwa wazi baada ya sala ya alasiri, kila anayetoka msikitini anachungulia, na anayechungulia anakaribishwa. Ngao inavuliwa, mikono inaoshwa, tende zinatolewa, halua inatolewa, mimi napeleka kahawa, na mazungumzo yanakwenda mpaka magharibi. Hata cheche moja hairuki. Mama mkwe akamshauri afunge geti, moshi utapanda juu wenyewe. Jibu likarudi: “Nikifunga geti watu watasema nna siri gani humu ndani?”

Na kila aliyekunywa kahawa alitoa ushauri. Mmoja akasema tela ni fupi, likarefushwa. Mwingine akasema sasa limekuwa refu, litamsumbua kurudi nyuma, likakatwa. Mmoja, ambaye nadhani hajapata kumiliki hata toroli, akasema upande wa nyuma uwe wa kufunguka chini. Huo ulikuwa ushauri mzuri, lazima nikiri, lakini ulikula msimu mzima. Ushauri wa mtu aliyekunywa kahawa yake mkwe wangu hakuweza kuukataa. Nilikuwa nasimama juu dirishani, oda zangu mkononi, nikiwatazama wanaume wazima wamezunguka mabomba matupu wakitingisha vichwa, na nilitamani nimwage ndoo ya maji.

Ukarimu wake mwingine ulikuwa na hatari zaidi. Huku kwetu mtu akisifu kitu chako unamwambia tafadhal, chako hicho, naye anakushukuru, anasema kiko mahali pake, na mambo yanaishia hapo. Kila mtu anaujua mwisho wa mazungumzo hayo. Mkwe wangu hakuujua, au aliujua akaukataa. Akisema chako, ni chako. Feni ya sebuleni ilikwenda hivyo. Kuna mtu alisifu vitambaa vya viti vya gari lake, wakiwa wamesimama barabarani, mkwe wangu akavivua palepale, akavikunja, akamtilia kwapani. Mama mkwe ana vikombe fulani ambavyo kwa miaka vilikuwa vikitolewa tu akija mgeni asiyependa kusifu. Nilikuwa nikicheka, nikiwasimulia wenzangu jikoni. Nilidhani hayo hayanihusu.

Lakini kilichonimaliza ni madigadi.

Ya plastiki aliyakataa, alisema jua la hapa linayakausha kama papadi, yanavunjika. Ya bati jembamba aliyakataa. Alitaka bati nene, na alitaka yawe na nguvu ya mtu kusimama juu yake, maana anayepakia mizigo hukanyaga hapo, hata akikatazwa. Kwa hiyo alikata pipa la chuma, akapata mviringo, akaliunga kwenye fremu, akangoja lipoe, akapanda juu yake kwa miguu yote miwili. Naye hakuwa mtu mwembamba. Likinama, hata kidogo, analikata na kuanza upya. Lisiponama, analitazama kwa mbali, jicho moja kafumba, anasema limepinda. Nalo lilikuwa limepinda. Bati likichomelewa moja kwa moja linapata moto na kuvuta, linajikunja. Dawa yake ni kugusa hapa kidogo, kuacha, kugusa kule, kuacha, na hayo alikuwa ananieleza yeye mwenyewe, vizuri kabisa. Halafu anavaa ngao na kuchomelea moja kwa moja. Mtu aliyeweza kumsikiliza mgeni mpaka magharibi hakuweza kuiacha mashine ipumzike. Sikulielewa jambo hilo na silielewi mpaka leo.

Jozi ya kwanza ya madigadi ikakatwa, ya pili ikakatwa. Baadaye hata sikuhesabu. Tela lenyewe lilikuwa linaweza kutembea muda wote huo! Lilikuwa na magurudumu, lina sakafu, lina ubavu. Lilikosa vifuniko tu, na mimi ningelivuta hivyohivyo mpaka kwa fundi mwingine.

Msaidizi wangu wa jikoni ni mtu wa Singida, hana kona kona. Alikuwa akikatakata vitunguu huku akisikiliza ile mashine ya kusagia chuma inavyolia chini.

“Mama, ngoja nikuulize. Mzee anajua kwamba unalihitaji hilo tela?”

“Anajua.”

“Umemwambia?”

“Mkwe haambiwi. Anajua.”

“Na kwetu mkwe anaheshimiwa, tena sana, hata kumtazama usoni huwezi. Lakini mtu wa kumtuma yupo siku zote. Shangazi yupo, mjomba yupo. Nyie hapa mnamtuma nani?”

“Tunangoja.”

“Haya,” akasema, na akarudi kwenye vitunguu. “Tungoje.”

Halafu ikaja arusi ya Khuwair ya Kusini. Familia kubwa, watu wa kupikiwa kila mwezi, na mtu akishawapikia vizuri hao ana kazi ya miaka. Nikakodi pikapu kama kawaida. Dereva akaliparamia tuta la barabarani kama hajaliona, sufuria kubwa kuliko zote likapinduka, na biriani nusu ikabaki kwenye sakafu ya pikapu. Tukafika na kilichosalia. Mama wa bibi arusi akafunua, akatazama, akafunika. “Haidhuru,” aliniambia, kwa sauti ile ambayo ukiisikia unajua hutapigiwa simu tena. Sikupigiwa. Wala dada zake hawakunipigia, na walikuwa na mabinti wa kuozesha.

Nilirudi nyumbani ninanuka samli na zafarani. Yeye alikuwa uwani, amepiga magoti kando ya gurudumu.

“Yameharibika?” akaniuliza.

“Kidogo tu, Baba.”

Akatikisa kichwa, kwa huruma ya kweli. “Tela likisha, haya hayatatokea. Lakini mwanangu, kama huna haja nalo, useme tu. Mimi sintoona vibaya.”

Swali hilo aliniuliza mara nyingi sana miaka ile. Kila jozi ya madigadi ikikatwa, aliniuliza. Na kila mara nilimpa jibu la adabu, lilelile. Siku ile pia nikamjibu vilevile, “Usijisumbue, Baba, taratibu tu,” nikapanda juu, nikafunga mlango, nikalia kwa hasira. Si huzuni, hasira. Nilikuwa na hasira na mtu ambaye siwezi hata kumkunjia uso.

Na hata kumchukia nilishindwa, hapo ndipo penye taabu. Nilipojifungua mtoto wa mwisho, mashine ilinyamaza siku arubaini zote. Hakuambiwa na mtu. Alikusanya vyombo vyake akavifunika turubai, geti akalifunga, yeye ambaye halifungi, na wageni akawa anawapokelea nje barabarani ili sauti zao zisimwamshe mtoto. Kila asubuhi alimtuma mama mkwe aniulize nimelala vipi. Niambie, mtu wa namna hiyo utamwambia nini? Ile arubaini ilipokwisha nilikuwa nimechelewa oda za Ramadhani, tela limekaa chini ya turubai, na nilimuombea dua huku nimeuma meno.

Mwishowe niliacha kupita uwani. Kulitazama lile dude kulikuwa kunanipandisha presha, kwa hiyo nikawa natoka kwa mlango wa nyuma, wa jikoni. Ndiyo maana sikuona lilivyokwisha. Mama mkwe ndiye aliyepanda ngazi, anahema, kunipa habari.

“Limekwisha! Kalipaka rangi, kijani, lang'aa hilo. Madigadi kayakanyaga yote mawili, hayakunama. Teremka ulione.”

Sikuteremka. Sasa nieleze vizuri, maana msaidizi wangu mpaka leo anadhani nilikuwa mwendawazimu. Mtu hakimbilii zawadi kabla hajapewa. Ningeteremka ningekuwa kama naidai. Adabu ilikuwa ningoje aniite, anikabidhi mwenyewe, aseme bismillahi hili lako, na mimi nikatae kidogo halafu nishukuru. Nikavaa nguo nzuri nikangoja. Siku ile hakuniita. Ya pili yake hakuniita. Nikasema rangi inakauka. Nilikuwa na arusi kubwa wiki ya mbele, nimeshaikubali, nimeshamwambia mwenye arusi kwamba safari hii nina usafiri wangu.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, nikaona basi, nitapeleka kahawa bila kuitwa, hilo halina lawama. Nikateremka na birika na vikombe. Uwani palikuwa peupe. Palikuwa na doa la rangi ya kijani kwenye saruji na alama za magurudumu kuelekea getini. Mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake na mama mkwe pembeni yake, hawasemeshani.

“Baba, tela liko wapi?”

“Nimempa rafiki yangu,” akasema. “Yule tuliyefanya naye kazi, wa upande wa Nizwa. Kapita asubuhi kuniletea tende. Kalisifu, nikamwambia tafadhal.”

“Umemwazima?”

“Nimempa. Kakataa sana, nikamlazimisha. Ana mbuzi, ana shamba, litamfaa.”

Niliweka birika chini. Nilijua ninachotakiwa kusema. Nilitakiwa niseme umefanya vizuri Baba, Mungu akulipe. Maneno hayo niliyatafuta na sikuyaona.

“Nilikuwa nnalitaka,” nikasema.

Akanitazama.

“Nilikuwa nnalitaka, Baba. Tangu siku ya kwanza. Nimepoteza watu wa Khuwair kwa ajili ya kulingoja. Nna arusi wiki ijayo na nimeshasema nna tela.” Sauti yangu ilikuwa juu. Watoto walikuja kuchungulia dirishani, maana hawajapata kuisikia ikipanda kule chini.

“Wewe?” akasema. Alikuwa ameshangaa kikweli, mdomo wazi. “Wewe walitaka? Mbona nimekuuliza miaka yote, kama huna haja nalo useme? Kila siku wanambia nisijisumbue.”

“Si ndivyo mtu anavyosema!”

“Ndivyo anavyosema, najua. Lakini miaka yote hii?” Akavua kofia akaishika magotini. “Mimi nikasema, huyu mtoto anaona haya. Anakwenda kwenye arusi za watu wakubwa, magari yao yanang'aa, ataingia vipi anavuta tela la kuungaunga uwani? Hataki, lakini ananistahi, hawezi kusema. Ndio nikawa nayakata madigadi nikayarudia. Nikisema yakitoka mazuri kama ya kiwandani, pengine atalipenda. Limekwisha, nikalisugua, nikakungoja ushuke. Siku ya kwanza hukushuka. Ya pili hukushuka. Kupita unapita mlango wa nyuma usilione. Nikasema khalas, halitaki, mpe anayelitaka.”

Mama mkwe alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, sikujua analia au anacheka, na mumewe mwenyewe hakujua maana alimgeukia mara mbili. Mimi nilitaka kupiga kelele. Madigadi yote yale, mvua ya cheche yote ile, vilikuwa kwa ajili yangu, na nilikuwa nimevilaani kutoka dirishani kimoja baada ya kingine. Na bado nilikuwa nina hasira. Watu hudhani ukishajua mtu alikusudia mema hasira inaisha. Haiishi. Inakosa pa kwenda tu.

“Usilie,” akasema. “Ntakutengenezea jingine. Kesho asubuhi nnaanza.”

“Hapana, Baba,” nikasema. “Mimi nnanunua.”

Sijui nguvu ile niliipata wapi. Sikuongeza tafadhali wala kwa ruhusa yako. Nilisubiri uso wake uingie yale masikitiko yake ninayoyajua, na nilijiambia hata yakiingia sirudi nyuma. Akairudisha kofia kichwani. Halafu akasimama, akaingia ndani, akatoka amevaa kanzu isiyo na matundu na kilemba, na funguo za gari langu mkononi.

“Hawajafunga bado,” akasema. “Twende.”

Tulikwenda kwenye karakana moja upande wa Rusayl, matela yamepangwa nje kwa ukubwa, madogo mbele. Pale alitembea mikono kaifunga nyuma. Hakugusa, hakugonga, hakuinama kutazama chini, na nilijua kwamba hilo lilikuwa linamuuma kuliko kitu chochote nilichomwambia. Muuzaji, kijana wa Kihindi mwenye Kiarabu chepesi, alimwendea yeye, kama kila mtu anavyomwendea mwanamume mwenye kilemba, akaanza kumuuliza ni la kubebea nini, anataka la ukubwa gani.

“Si langu,” mkwe wangu akamwambia. “Muulize huyu, ndiye mwenyewe. Na ukimuuliza, jibu lake la kwanza usilishike, hilo ni adabu tu. Ngoja la pili.”

Muuzaji akacheka, akanigeukia, akafungua mdomo. Hakuwahi kuuliza. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kwenye lile kubwa la nyuma.